Mtoto anasoma tayari na ndo kwanza anaanza chekechea: abaki darasani kwake, apandishwe somo moja, au arushwe darasa?

Hii naiandikia yule mzazi ambaye mtoto wake ana miaka mitano, anasoma hadithi nzima mwenyewe, anajumlisha na kutoa kichwani, na sasa anaingia chekechea ambako wiki ya kwanza yote ni kupaka rangi herufi a. Unajiuliza niseme au ninyamaze, na nikisema niombe nini. Mi nilipita hapo na binti yangu na mwanzoni nilikosea, kwasababu nilienda shuleni na ombi moja tu kichwani, arushwe darasa, sikujua kama ziko njia kama nne na kila njia ina mtoto wake. Ningejua mapema tusingepoteza muhula mzima. Kwahiyo naziweka hapa nizilinganishe, na nitasema wazi ipi ningeanza nayo.

Ila kabla ya njia yoyote, jua kwanza mtoto wako amezidi wapi, maana ukimwambia mwalimu "ana akili sana" hujampa kitu cha kufanyia kazi, hilo analisikia kwa kila mzazi.

Kwenye kusoma kuna vitu viwili ambavyo kwa nje vinafanana, kutamka na kuelewa. Wapo watoto wanatamka chochote ukikiweka mbele yao, hata gazeti, lakini ukiuliza kimetokea nini wanakuangalia tu. Chukua hadithi ambayo hajawahi kuiona, asome, ukifunge kitabu, akusimulie, halafu umuulize kitu ambacho hakijaandikwa mle ndani, mfano unadhani kwanini yule mtoto hakusema ukweli. Akijibu vizuri huyo anasoma kweli. Akishindwa bado kutamka kwake ni kipaji, ila anachohitaji kwa sasa ni hadithi nyingi na maongezi mengi, kumrusha darasa kutamuumiza.

Hesabu hivyohivyo. Kuhesabu mpaka 100 kunaweza kuwa wimbo tu aliokariri. Panga vifungo vinane kwenye mstari, ahesabu, kisha vitawanye mbele ya macho yake uulize sasa viko vingapi. Anayejibu vinane palepale bila kuhesabu upya ameshaelewa kwamba idadi haibadiliki kwa kutawanywa, na hicho ndicho Piaget, mwanasaikolojia wa watoto, alikuwa anakitafuta kwa watoto wa umri huu miaka mingi iliyopita. Halafu muulize 10 ukitoa 7 zinabaki ngapi, na akishajibu muulize umejuaje. Hilo la umejuaje ndo lenye thamani, andika jibu lake neno kwa neno na tarehe, utalihitaji.

Kitu kingine ambacho wazazi tunakipita haraka ni kwamba mtoto hakui sawa pande zote. Mwaka 1991 kundi la wataalamu na wazazi huko Columbus, Ohio, Marekani, walieleza watoto wa namna hii kwa kusema hasahasa ukuaji wao haulingani, yaani kichwa kiko mbele kuliko mwili na hisia. Kwangu ilikuwa hivyo kabisa. Anasoma kama mtoto wa miaka minane, mkono unaandika kama wa miaka mitano, na akishindwa kufunga zipu analia kama wa miaka mitatu. Ukisahau hilo utachagua njia ya kichwa peke yake na mkono utabaki nyuma unalia.

Njia ya kwanza: anabaki kwenye darasa lake ila kazi inabadilishwa

Hapa hahami, marafiki wale wale, mwalimu yule yule, kinachobadilika ni anachopewa kufanya. Wenzake wakiwa kwenye sauti za herufi yeye anasoma kitabu cha levo yake na mwisho anachora au anasimulia alichosoma. Kwenye hesabu anaanza na yale maswali magumu mawili matatu ya mwisho, akiyapata yote hafanyi mengine, anaenda kwenye kazi tofauti. Uzuri wa njia hii ni kwamba inaweza kuanza kesho asubuhi, haihitaji kikao wala sahihi ya mtu, na ikishindikana hakuna kilichoharibika.

Udhaifu wake ni kwamba yote imekaa kwenye mabega ya mtu mmoja. Mwalimu mwenye watoto wengi na hana msaidizi anaweza kukubali kwa moyo mweupe kabisa na wiki ya tatu imeshakufa, na si kwamba amepuuza, ni kwamba kuna watoto kumi wanaohitaji kufundishwa kushika penseli na mmoja anatapika. Ndo maana ukiomba njia hii usiombe "kitu chenye changamoto zaidi", omba kitu kidogo kinachotajika, kwa mfano dakika 20 za kusoma kila siku saa ya herufi, na vitabu utaleta wewe.

Na hapa nisimame kidogo maana ndo penye mtego. Kuna vitu vitatu vinaitwa kubadilisha kazi na sivyo. Cha kwanza ni kumwongezea ileile, amemaliza karatasi ya kwanza anapewa ya pili inayofanana nayo, mtoto anajifunza haraka sana kwamba ukimaliza mapema unaadhibiwa, anaanza kufanya polepole. Cha pili ni kumfanya mwalimu msaidizi, kila siku akimaliza aende akawasaidie wenzake. Mara moja moja ni vizuri, anajifunza kueleza na kuvumilia, lakini ikiwa ndo ratiba yake basi mwaka mzima amekuja shule kufanya kazi na hajafundishwa chochote, na wenzake wataanza kumchoka. Cha tatu ni kumweka kona peke yake na tableti. Kimya si sawa na kujifunza.

Njia ya pili: anapanda somo moja

Mtoto yuko chekechea siku nzima ila saa ya kusoma anaenda darasa la juu, moja au hata mawili, akimaliza anarudi kwa wenzake kucheza na kuchora. Kwa mtoto ambaye amezidi upande mmoja mi naona hii ndo njia yenye haki zaidi, kwasababu inapandisha kile kilichopanda na kuacha kilichobaki kikue kwa mwendo wake. Mkono wake hautadaiwa kuandika ukurasa mzima kwenye kila somo.

Ugumu wake ni wa kiratiba na usiudharau. Lazima yale madarasa mawili yasome somo hilo kwa wakati mmoja, la sivyo atakosa muziki au mchezo na kupandishwa kutageuka adhabu. Nani anamtembeza kwenda na kurudi? Mtoto wa miaka mitano kupita korido peke yake mbele ya wakubwa si jambo dogo. Halafu kuna swali ambalo shule nyingi hazijiulizi mpaka wakati umefika, akifika darasa la mwisho la shule hiyo na somo lile kashalimaliza ataenda wapi? Uliza mapema. Ikiwa jibu ni "atarudia" basi mmeahirisha tatizo tu.

Na mwalimu wa kule juu naye awe ametaka kumpokea. Kwetu mwalimu wa darasa la kwanza alimwandalia kiti chenye jina lake siku moja kabla, kitu kidogo, lakini binti yangu alirudi nyumbani anakizungumzia kiti kuliko kitabu.

Njia ya tatu: kurushwa darasa lote, au kuanza la kwanza moja kwa moja

Hii ndo inayoogopwa kuliko zote na kwa kweli ndo iliyochunguzwa sana kuliko zote. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilitoa ripoti iliyokusanya tafiti za miaka mingi, ikaorodhesha namna 18 za kumharakisha mtoto, na ikahitimisha kwamba kwa watoto waliochaguliwa vizuri kuharakishwa kunawasaidia kimasomo na kwa kawaida hakuwaharibu kijamii. Mtafiti Miraca Gross huko Australia alifuatilia kwa miaka mingi watoto 60 wenye IQ, yaani alama ya kipimo cha akili, ya 160 kwenda juu. Zaidi ya nusu yao walibakizwa darasani pamoja na wenzao wa umri, wengine wakarushwa madarasa kadhaa, na waliorushwa zaidi ndo waliokuja kuwa na urafiki mzuri na kuridhika, wakati wengi wa waliobakizwa walipata shida ya upweke. Kwahiyo ile hofu kwamba akirushwa hatapata marafiki mara nyingi iko kinyume, mtoto anatafuta rafiki anayeelewa mchezo wake, na mchezo wake unaweza kuwa wa watoto wa miaka saba.

Lakini kumbuka hao wa Gross ni wachache mno, wengi wa watoto wetu waliotangulia hawako huko. Na upo upande wa pili. Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha watoto wadogo zaidi kiumri ndani ya darasa wanapewa jina la ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kukosa umakini, mara nyingi kuliko wakubwa wa darasa hilohilo, maana yake kuna watu wazima wanaochanganya utoto na ugonjwa. Ukimrusha mtoto unamfanya awe mdogo kuliko wote, basi hakikisha mwalimu anayempokea anajua umri wake na atamwacha awe na umri wake.

Hapohapo Iowa walitengeneza kipimo cha kusaidia uamuzi huu, Iowa Acceleration Scale, na kuna mambo mawili mle ndani ambayo mzazi yeyote anaweza kuyatumia hata kama shule haina kipimo chenyewe. Usimrushe aende kwenye darasa alilopo kaka au dada yake. Na usimrushe kama yeye mwenyewe hataki. Hili la pili nililipuuza. Nilimuuliza binti yangu baada ya kuwa nimeshaongea na shule, akasema "nataka kusoma na wakubwa lakini kucheza na hawa hawa", na pale nilielewa nilikuwa napigania kitu changu.

Kwa nani basi inafaa? Mtoto aliyezidi kwenye kusoma na hesabu na kueleza, si kwa miezi bali kwa kama miaka miwili, mkono wake unaweza kuandika sentensi chache bila machozi, anavumilia kushindwa walau kiasi, na anataka. Kama ni huyo, mapema ni rahisi kuliko baadaye, kwasababu mwanzoni mwa shule urafiki haujashika mizizi na mapengo ya masomo ni machache. Na muombe iwe ya majaribio ya wiki sita, kwa makubaliano kwamba akirudi hakuna atakayesema ameshindwa.

Njia ya nne: nyumbani

Ipo ya kumtoa shule kabisa umfundishe mwenyewe, na ipo ya kumwacha shule na kumshibisha nyumbani jioni. Ya kwanza inategemea sheria za pale ulipo na kama kuna mtu mzima mwenye muda wa kweli kila siku, kwa familia yenye uwezo huo inampa mtoto mwendo wake hasa, na inadai mzazi afanye kazi ya makusudi kumtafutia wenzake.

Ya pili ndo wengi wetu tunafanya, na tunaifanya vibaya. Shule haijampa kitu basi tunanunua vitabu vya darasa la kwanza na la pili tunamaliza navyo jioni, na matokeo yake mwakani ataboeka mara mbili ya alivyoboeka mwaka huu. Ukiongeza nyumbani ongeza pembeni badala ya kupanda juu. Lugha nyingine, ala ya muziki, chesi, wadudu wa bustanini, ramani, kushona, kitu ambacho darasa halitakifundisha mwakani. Hapo unamshibisha na hujamharibia njia. Pia ala ya muziki ina faida moja kubwa kwa watoto hawa, haijali kwamba una akili, unakosea tu kama wengine mpaka ufanye mazoezi.

Kwahiyo ipi?

Amezidi kwenye kutamka tu: njia ya kwanza, na hadithi nyumbani. Amezidi kweli kwenye somo moja: anza na ya kwanza, na mkifika wiki ya sita haijasogea ombeni ya pili. Amezidi kila upande na mkono uko tayari na anataka: ya tatu, msichelewe. Amezidi kila upande lakini mkono na machozi bado: ya pili kwa masomo mawili, mkono mtaufanyia kazi taratibu, mwisho wa mwaka muulizane tena kuhusu ya tatu. Shule imekataa zote: ya nne ya pembeni, na urudi kuuliza kila muhula.

Wengi watakwambia subiri, wenzake watamfikia darasa la tatu. Ni kweli kwa mtoto ambaye alitangulia kwasababu tu alifundishwa mapema, wenzake wakifundishwa wanalingana. Kwa mtoto anayetangulia kwasababu anajifunza haraka, hakuna sababu ya haraka hiyo kuisha yenyewe, labda izimwe. Namna ya kuwatofautisha ni rahisi, mfundishe kitu kipya kabisa ambacho hakuna aliyemfundisha uone anahitaji kurudiwa mara ngapi.

Kuongea na shule

Kabla shule haijafunguliwa au baada ya wiki kadhaa? Nimejaribu zote. Ukienda kabla, mwalimu hajamwona mtoto na wewe ni mzazi mwingine tu anayesifia. Ukisubiri muhula mzima, mtoto kashazoea kwamba shule ni kusubiri wengine wamalize, na wengine wanaanza kuficha wanachojua ili wafanane na wenzao. Mi naona wiki ya tatu au ya nne ndo yenyewe, ukiwa umetanguliza kikaratasi kifupi siku ya kwanza: anasoma mwenyewe, vitabu vya aina hii, naomba umwangalie halafu tuongee. Mwalimu akigundua mwenyewe anakuwa upande wako.

Mwalimu kwanza au mwalimu mkuu kwanza? Mwalimu, siku zote, hata kama unajua uamuzi hauko kwake. Mi niliruka nikaenda juu, na mwalimu wa darasa alijisikia ameshtakiwa, ilinichukua wiki nyingi kurudisha uhusiano. Siku tulipokaa vizuri nilianza hivi: "Mwalimu, nimekuja unisaidie kumwelewa, nyumbani namwona hivi, wewe darasani unamwonaje?" Akaniambia, "Mama, huku huwa hasomi kabisa, nilidhani hajui." Nikatoa simu nikamwonyesha video ya dakika moja. Akakaa kimya, akaitazama tena. Baada ya hapo hatukubishana tena.

Kuhusu ushahidi, wengine wanakimbilia kipimo cha IQ. Kwenye vipimo hivi wastani ni 100 na watoto kama wawili tu kati ya 100 wanafika 130. Kinasaidia pale shule inapodai namba, au unapohisi kuna kitu kingine kimejificha, mtoto mwenye uwezo mkubwa na tatizo la kujifunza kwa wakati mmoja. Lakini kwa umri huu namba inayumba, amelala vibaya, kamwogopa mpimaji, imeshuka. Na namba haimwambii mwalimu afundishe nini Jumatatu. Ukiomba apewe mtihani wa mwisho wa mwaka wa chekechea mwezi wa kwanza, na akiumaliza apewe wa darasa la kwanza, utapata jibu la kufanyia kazi na hulipii mtu. Ongeza karatasi tano za kazi zake zenye tarehe na ile ya umejuaje. Inatosha, usilete faili.

Maneno nayo yana uzito. Epuka "anaboeka", kwa mwalimu hilo linasikika kama "unafundisha vibaya". Sema "hili tayari analijua, anaweza kufanya nini badala yake?" Neno badala ndo litakalokukinga na kazi za nyongeza. Na baada ya kikao tuma meseji fupi ya shukrani inayorudia mlichokubaliana na tarehe ya kukutana tena, ili asiwepo anayetegemea kumbukumbu.

Nyumbani nako kuna kazi, na hii inagusa njia zote nne. Watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck mwaka 1998 walionyesha watoto waliosifiwa kwa akili zao walianza kuchagua kazi rahisi na wakavunjika moyo walipokosa, kuliko waliosifiwa kwa bidii. Mtoto wako atasikia "wewe una akili" kwa kila shangazi na kila jirani, huwezi kuwazuia. Wewe umsifie alipohangaika, na ndo maana mimi nang'ang'ania apewe kazi ngumu kiasi, kwasababu asipopata pa kuhangaikia sina pa kumsifia.

Sisi tuliishia njia ya pili, kusoma anapanda, hesabu na mengine yote yuko na wenzake. Makubaliano yetu na shule yako kwenye karatasi moja, na hiyo karatasi nimeomba mwalimu wake aiandike upya na kumkabidhi yule wa mwakani mkono kwa mkono kabla shule haijafungwa, kwasababu niliambiwa na mzazi aliyetangulia kwamba ikibaki kwenye kabati la ofisi mwezi wa kwanza unaanza tena kwenye herufi a.